Urani ya Baker Lake: Wenyeji Huulizwa Lini?

Baker Lake ni makazi ya watu wapatao 2,000, wengi wao Wainuiti, wenyeji wa asili wa Aktiki, katika eneo la Nunavut kaskazini mwa Kanada. Hakuna barabara inayotoka kusini kufika huko. Shehena huja kwa meli majira ya kiangazi, na watu husafiri kwa ndege. Kilomita 80 hivi magharibi mwake, mahali paitwapo Kiggavik, kuna urani iliyojulikana tangu miaka ya 1970 na ambayo hadi leo haijachimbwa. Bei ilipanda, mwanzoni mwa 2024 ikavuka dola 100 kwa ratili, na makampuni madogo yakarudi kuchoronga katika bonde la Thelon, la eneo hilo hilo. Hoja zile zile za kutetea na kupinga nazo zimerudi.

Wanaotetea utafutaji wa urani wana la kusema, tena la maana. Kutafuta si kuchimba. Ndege hupita chini chini ikiwa na kipima mionzi, ila udongo wa nusu mita tu unatosha kuificha mionzi ya gama. Ndiyo maana wanajiolojia hutazama mawe. Barafu ya kale iliyameza mawe yenye urani, ikayaburuta na kuyatawanya upande iliokuwa ikielekea. Anayeyafuata kinyumenyume anaweza kufika kwenye mwamba yalikong'oka. Hapo ndipo mtambo wa kuchoronga unapoletwa kwa helikopta, vipande vipande. Unatoa mche wa mwamba mwembamba kuliko kifundo cha mkono, unapangwa kwenye masanduku, mtu anaupitishia kipima mionzi sentimita kwa sentimita. Tundu likifungwa vizuri na masanduku yenye mionzi mikali yakitengwa, hatari kwa afya ya mwanakijiji ni ndogo mno. Anayesema kila tundu ni sumu anawapotosha watu.

Kuna pia hoja ya riziki. Mgodi wa dhahabu wa Meadowbank, kaskazini mwa kijiji, ulipoanza uzalishaji 2010 ulileta ajira mahali ambapo ajira ni adimu. Nunavut Tunngavik, chombo kinachosimamia haki za Wainuiti chini ya mkataba wa ardhi wa 1993, kilitoa sera ya kukubali uchimbaji wa urani mwaka 2007, kwa masharti. Na dunia inayotaka umeme usio na moshi italazimika kuchimba urani ya kuendeshea vinu vya nyuklia mahali fulani.

Lakini muulize mwindaji, hatakuanzia na mionzi. Atakuanzia na helikopta. Karibuu, jamaa ya kulungu wanaolisha kijiji, huzaa mwezi Juni, na jike aliyeshtuliwa siku hizo anaweza kupotezana na ndama wake. Wakazi walilifikisha jambo hili mahakamani, na hukumu ya 1979 ina ladha mbili: jaji alitambua haki ya asili ya Wainuiti ya kuwinda na kuvua katika ardhi ile, halafu akakataa kusimamisha utafutaji, akiona haikuthibitika kwamba makampuni ndiyo yaliyowapunguza wanyama. Haki ilitambuliwa, mitambo ikaendelea.

Kisha kuna kumbukumbu ya Port Radium, mgodi wa zamani wa urani kwenye Ziwa Great Bear, magharibi ya mbali. Wanaume wa kabila la Dene walibeba magunia ya mawe ya urani mabegani bila kuelezwa yana nini. Mawe hayo, pamoja na ya mgodi wa Shinkolobwe kule Katanga, Kongo, yaliingia katika mradi wa bomu la Marekani. Ripoti ya pamoja ya 2005 haikuweza kuthibitisha kwamba mgodi ndio uliosababisha saratani katika kijiji cha Deline. Sawa. Ila aliyebebeshwa mzigo bila kuambiwa ni nini hawezi kulaumiwa akiuliza maswali mengi mara ya pili.

Baker Lake walikwisha kuulizwa mara moja, mwaka 1990, na zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga kura wakasema hapana kwa mgodi. Mradi wa Kiggavik ukarudi chini ya AREVA, kampuni ya nyuklia ya Ufaransa. Mwaka 2015 bodi ya Nunavut ya kutathmini athari ikapendekeza usiendelee kwa wakati ule, na mwaka uliofuata serikali ya shirikisho ikakubali. Sababu inafaa kusomwa mara mbili: kampuni haikuweza kutaja tarehe ya kuanza. Bei ilikuwa imeporomoka baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, Japani, mwaka 2011, na bodi haikutaka kupima athari za mgodi usiojulikana utaanza lini.

Mimi naona bodi ilipiga palipo na uzito, ila imechelewa. Kufikia hapo kijiji kilikuwa kimeishi na ndege, mikutano na matumaini ya ajira kwa zaidi ya miaka thelathini. Kura ya 1990 ilihusu mgodi, na iliitishwa baada ya matundu kuchorongwa. Leo bei ikipanda watafutaji wanarudi, ikishuka wanaondoka, na mwindaji hapati nafasi ya kusema neno linalofunga. Ningependa kijiji kipige kura kabla ya mtambo wa kwanza kutua, kikiwa na haki ya kukataa utafutaji wenyewe, na kampuni iandike kabisa kwa bei gani ingekuwa tayari kujenga mgodi. Makampuni yatasema hakuna ajuaye hilo kabla ya kuchoronga. Kwa eneo geni ni kweli. Kwa Kiggavik, iliyokwisha kupimwa miaka yote hii, si kweli.