Benga imeokoka? Tuongee kuhusu hizi kava za vayolini, nyimbo za watu zikipigwa upya

Juzi nilikuwa harusini hapa Kisumu, kando ya ziwa, watu wanakula, na vijana wanne wa suti nyeusi wanapiga vayolini mbili, viola na chelo. Wimbo ni benga, ule muziki wa gita wa Waluo, ile kila mtu mtaani Kondele anaijua, lakini imepigwa polepole mpaka mjomba wangu akaweka chini mfupa wa kuku akauliza, "Kwani nani amekufa?" Meza yote ikaangua kicheko. Mmoja akasema hiyo ni ngoma ya kungojea benki ishike simu, mwingine ati hii sasa ni benga imeokoka, benga haiguswi.

Nilicheka pia, siwezi danganya. Na waliocheka wana pointi. Benga ni besi na ile gita inakimbia huku mwimbaji anakusimulia mambo, sasa ukichukua mwimbaji wa benga kama D.O. Misiani, mafumbo yake yote ya siasa, ukayageuza kuwa vayolini tupu, umebaki na nini? Hewa nzuri ya kulia pilau.

Halafu kuna zile kava za biashara. Vitamin String Quartet wa Los Angeles wamekuwa kwa hii kazi tangu 1999, rock, pop, chochote, ingawa wengi wetu tuliwasikia 2020 Bridgerton ilipoingia Netflix, watu wa magauni ya zamani wanadansi Ariana Grande bila maneno. Wao nawapa heshima yao. Lakini Marekani sheria inakuruhusu kurekodi upya wimbo uliokwisha kutoka bila kumwomba mwenyewe ruhusa, bora umlipe mtunzi kiwango kilichowekwa, kwa hivyo kuna wengine wanatoa za haraka haraka tu, vayolini ya kwanza inaimba, hao wengine wanashikilia noti ndefu kama watu wamechoka. Hizo chekeni, sina shida.

Penye siwezi kukubaliana na meza yetu ni ile ya kusema ati benga haiwezi kuguswa. Kwani benga yenyewe ilitoka wapi? Si ni nyatiti, ala ya Waluo ya nyuzi nane, wapiga gita wakaichukua vile inadundwa wakaihamisha kwa gita, hakuna mtu leo anaita hiyo utani. Na kama shida ni ule upinde wa kukwaruza, orutu, fidla ya Waluo, ina uzi mmoja na inapigwa kwa upinde tangu mababu, mjomba amekua akiisikia. Hata chelo si za matajiri pekee siku hizi, mradi wa muziki wa Ghetto Classics umefundisha watoto wa mtaa wa Korogocho, Nairobi, hizi ala tangu 2008. Nadhani suti ndio ilituchekesha kuliko muziki.

Kwangu swali ni moja, huyu anapiga amesikia mdundo ama amesikia melodi peke yake? Apocalyptica wa Finland, vijana wa chuo cha muziki cha Sibelius, 1996 walitoa albamu nzima ya nyimbo za bendi ya Metallica kwa chelo nne, na mashabiki wa metali, watu wagumu hao, wakakubali, ju chelo zenyewe zilikuwa zinanguruma. Hawakuosha wimbo ukang'aa.

Tukirudi harusini. Wimbo wa pili yule wa chelo aliweka upinde kwa mapaja akaanza kudonoa nyuzi na vidole, anapiga mbao na kiganja, tap-tap, na ghafla besi ikarudi, ile besi yenyewe, vayolini ya pili ikaanza kukimbia juu yake kama gita. Shangazi mmoja akasimamisha kijiko hewani, mabega yakaanza kusonga polepole. Hakuna aliyepiga makofi, usidhani. Mjomba alirudi kwa kuku yake, akatafuna kidogo, kisha akamwita msichana wa kugawa chakula akamuuliza, "Hawa watoto wa vayolini wameshakula?"