Soya: Sogeza Mistari Kabla ya Kuongeza Mbegu

Ushauri wa kilimo cha soya huanzia kwenye kilo za mbegu kwa hekta. Mimi naona tunaanzia pasipofaa. Kwanza tuangalie mwanga unaangukia wapi.

Ingia shambani saa sita mchana, maua yanapoanza kutoka, utazame chini katikati ya mistari. Ukiona udongo umemulikwa na jua, mwanga huo haukutengeneza punje hata moja, umeyalisha magugu. Soya inatakiwa iwe imefunika ardhi kufikia wakati huo au muda mfupi baadaye, kwa sababu mavuno hupangwa hasa tangu maganda yanapojitokeza hadi punje zinapojaa. Mmea wa soya hupukutisha maua mengi hata katika hali nzuri, na ukikosa chakula cha kutosha kutoka kwenye majani hupukutisha zaidi, pamoja na maganda machanga.

Basi tuongeze mbegu? Hapo ndipo ninapopinga. Chukua mistari ya sentimita 75 na mbegu kila sentimita 4, kisha mistari ya sentimita 40 na mbegu kila sentimita 7.5. Hesabu ni ileile, takribani mimea 333,000 kwa hekta, lakini katika mpango wa kwanza mimea imebanana mstarini huku katikati kukiwa wazi. Mpango wa pili hufunika ardhi mapema bila gharama ya mbegu zaidi.

Kubanana kuna hasara yake. Majani hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha ule wa wekundu wa mbali, ambao macho yetu huuona kwa shida. Mmea huutambua mwanga huo wa jirani hata kabla ya kufunikwa na kivuli, ukaanza kurefuka. Shina huwa jembamba, matawi hupungua, majani ya chini hugeuka manjano na kudondoka, na upepo ukija na mvua, shamba zima hulala. Mimea ikiwa michache kiasi, soya hujaziliza kwa kutoa matawi, uwezo ambao mahindi hayana kwa kiwango hicho. Ndiyo maana simshauri mtu arudie kupanda kwa sababu ya mapengo madogo.

Urefu wa siku nao una sehemu yake. Mwaka 1920 watafiti wa Marekani, Garner na Allard, walionyesha kuwa aina ya soya iitwayo Biloxi, hata ikipandwa kwa tarehe tofauti, ilielekea kutoa maua karibu wakati mmoja, kwa kuwa ilisubiri siku zifupike. Kwa aina za namna hiyo, anayechelewa kupanda huvuna mimea mifupi yenye matawi machache. Huyo ndiye ningemwambia aongeze mbegu, tena katika mistari ya karibu. Lakini penye historia ya ugonjwa wa ukungu mweupe wa shina, apunguze mbegu, maana majani yaliyosongamana hutunza unyevu ambao ukungu huo unaupenda.