Mabao manne ya San Marino ni ya kwake, acheni kuyatoa

Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp la mpira dogo mmoja kaweka picha ya Marko Arnautović, chini kaandika "mfungaji bora wa muda wote wa Austria, toa mabao ya San Marino tuone anabaki na nini." Watu wakacheka sana. Mi sikucheka. Nikaanza kumjibu, nikafuta, nikaandika tena, mwisho nikaona meseji haitoshi, acha niyaweke hapa.

Tuanze na hiyo hesabu maana ndo inayoniuma. Tarehe 9 Oktoba 2025, Vienna, Austria wameipiga San Marino 10-0, Arnautović kafunga manne, kafikisha mabao 45 timu ya taifa na kumpita Toni Polster aliyekaa na 44 zake kwa miaka 25. Sawa, San Marino ni vibonde, sibishi hilo hata kidogo, nchi yenyewe ina watu thelathini na kitu elfu. Lakini hivi ni lini mpira ulianza kuhesabu bao kwa kuangalia aliyefungwa ni nani? Mwaka 1977 Austria waliifunga Malta 9-0 na Hans Krankl peke yake akatia sita. Sita, mechi moja! Krankl ana mabao 34 timu ya taifa na hizo sita zimo humo ndani, na sijawahi kusikia mtu anasema "Krankl toa Malta". Wanasema Krankl ni yule wa Córdoba, Kombe la Dunia 1978, aliyewafunga Wajerumani mawili kwenye ile 3-2, yule aliyeenda Barcelona na msimu wake wa kwanza tu akawa mfungaji bora wa Hispania kwa mabao 29. Na ni kweli, ndo huyo huyo. Malta yake ipo palepale na heshima yake ipo palepale, sasa kwa nini Arnautović tu ndo tumkalie na kalamu nyekundu?

Halafu hii kauli kwamba kibonde anafungwa na yeyote, yaani ukiisema mbele ya Mwaustria mtu mzima unamtonesha kidonda. Septemba 1990 Visiwa vya Faroe walikuwa wanacheza mechi yao ya kwanza kabisa ya mashindano, wachezaji wa ridhaa watu wenye kazi zao, nyumbani kwao hawana hata uwanja wa nyasi ikabidi mechi ipelekwe Landskrona, Sweden. Austria walikuwa wametoka Kombe la Dunia Italia miezi michache tu nyuma. Wakafungwa 1-0. Kocha wao Josef Hickersberger akaondoka. Na mbele siku ile alikuwepo Polster mwenyewe, straika aliyekuwa ametoka kufunga mabao 33 ya ligi pale Sevilla msimu uliopita, na hakupata kitu. Sisemi hivi kumshusha Polster, nampenda Polster na nitamrudia, nasema tu kwamba bao la kibonde nalo lazima mtu alifunge, halijifungi lenyewe, na siku lisipofungwa nchi nzima inalala na aibu ya miaka.

Sasa angalia Arnautović alianzia wapi. Tarehe 11 Oktoba 2008, miaka 19, anavaa jezi ya taifa kwa mara ya kwanza, ugenini Tórshavn, dhidi ya haohao Faroe. Matokeo 1-1. Hapo ndo alipopokelewa, sio Wembley sio Berlin, kwenye upepo wa Faroe na sare ya fedheha. Kutoka sare ile mpaka usiku wa San Marino ni miaka 17, na hapo katikati Austria wamekosa Kombe la Dunia 2010, wakakosa 2014, wakakosa 2018, wakakosa 2022 kwa kutolewa na Wales ya Gareth Bale kule Cardiff, na kila walipokosa yeye alirudi kwenye kambi iliyofuata. Hiyo ya 2018 walimaliza wa nne kwenye kundi na aliyeongoza kundi ni Serbia, nchi ya baba yake mzazi. Fikiria hapo mezani nyumbani.

Mi niko upande wake kwa sababu ya hiyo miaka 17 na wala sifichi. Nimekua na timu ya taifa ambayo haijawahi kwenda Kombe la Dunia hata mara moja, najua kuangalia droo ya makundi ukiwa huna jina la kutafuta pale. Mchezaji anayeendelea kuja wakati hakuna kitu cha kushinda, goti linauma, klabu yake inamtaka apumzike, magazeti ya nyumbani yanamwandika vibaya, huyo mtu simuiti kipaji kilichopotea. Amecheza zaidi ya mechi 120, zile 103 za Andreas Herzog alishazipita tangu 2022, hakuna Mwaustria aliyecheza nyingi kumzidi. Kilichopotea hapo kiko wapi?

Najua hayo maneno ya kupotea yametoka wapi, nasi wote tuliokuwa tunaangalia mpira 2009 tunajua. Alitoka Twente ya Uholanzi kwenda Inter ya Italia kwa mkopo, kijana mrefu ana mguu laini, watu wakaanza kumuita Ibrahimović mpya, na maskini kila kijana mrefu mwenye jina la Kibalkani kipindi kile alibebeshwa huo mzigo. Inter ikachukua mataji matatu msimu mmoja, yeye kacheza mechi tatu za ligi basi. Mourinho, kocha wake pale, akasema ni mtu mzuri sana ila ana tabia za mtoto, na kauli ile ikamganda kama gundi, ikamfuata mpaka Bremen Ujerumani, ikamfuata mpaka Stoke Uingereza. Bremen kweli alizingua, 2013 klabu ilimsimamisha yeye na mwenzake Elia baada ya polisi kuwakamata wanaendesha mwendo wa kasi usiku wa manane, hilo ni kosa na nalisema. Lakini baada ya hapo alikaa Stoke miaka minne, timu ya baridi na mipira mirefu, sio sehemu ya mtoto pale.

Na West Ham ndo mi nilipomshika moyoni. Mechi yake ya pili tu, Southampton, kampiga mtu kiwiko, kadi nyekundu, mashabiki wanataka arudishwe alikotoka. Novemba kocha Bilić kafukuzwa kaja Moyes, akamtoa pembeni akamsimamisha kati kama straika kamili, na desemba 2017 ile mechi ya Chelsea naikumbuka kama jana, kibanda umiza kimejaa mashabiki wa Chelsea watupu, dakika za mwanzo kabisa kapokea kagonga wani-tu kaweka kambani, 1-0 mpaka mwisho. Mzee mmoja pembeni yangu shabiki wa Chelsea wa kufa akasema, "mwanangu, huyu leo amefanya kazi ya watu wawili." Wiki iliyofuata akarudi Stoke wakamzomea dakika zote, akafunga. Akamaliza msimu na mabao 11 ya ligi na mashabiki haohao waliotaka aondoke wakamchagua mchezaji bora wao wa mwaka.

Kuondoka kwake kwenda China 2019 sikukupenda na bado sikupendi, zile kelele za januari za kaka yake ambaye ndo wakala wake ziliharibu kila kitu. Basi.

Kuna jingine ambalo siwezi kulipita hata kama lingenisaidia kulipita. Juni 2021, Euro, Bucharest, Austria na Makedonia Kaskazini. Katoka benchi, dakika ya 89 kafunga la tatu, 3-1, ushindi wa kwanza wa Austria kwenye fainali za Euro tangu dunia iumbwe, na badala ya kushangilia akamgeukia mchezaji wao Alioski, mwenye asili ya Kialbania (na Waserbia na Waalbania wana uhasama wa zamani), akamporomoshea matusi, mpaka mwenzake David Alaba akamshika taya kwa mkono kumziba mdomo. UEFA ikamfungia mechi moja. Kesho yake aliomba msamaha hadharani. Mtu akiniambia kwa ile siku tu hamtaki, namuelewa, sitagombana naye. Mtoto wa baba Mserbia aliyekulia Vienna, mji uliojaa watoto wa wahamiaji, alipaswa kuwa wa mwisho kufanya vile. Ila tusichanganye mambo, hasira yako ya Bucharest itumie kwa Bucharest, usije ukaitumia kumfutia mabao.

Na mechi tatu baadaye, Wembley, hatua ya 16, Italia ile ambayo ikaja kuwa bingwa. Dakika ya 65 Arnautović kapiga kichwa, mpira nyavuni, Waaustria wamechanganyikiwa, mi mwenyewe nimesimama juu ya kiti. VAR, yaani marudio ya video, ikasema ameotea kwa kipande kidogo mno. Wakatolewa 2-1 kwenye dakika za nyongeza. Euro 2024 nayo waliongoza kundi lenye Ufaransa na Uholanzi, kapiga penati ya tatu dhidi ya Poland, halafu wakatolewa na Uturuki 2-1 siku ambayo alipata nafasi ya wazi akabaki yeye na kipa. Hiyo alipaswa kufunga, ndiyo.

Mtu aliyepotea hafikishi miaka 34 halafu Inter wakamrudisha. Walimchukua tena 2023 kutoka Bologna, alikofunga 14 ya Serie A, ligi kuu ya Italia, kwenye msimu wake wa kwanza pale chini ya marehemu kocha Mihajlović, na februari 2024 kaingia akiba dhidi ya Atlético Madrid kafunga bao pekee la mechi. Msimu ule wakachukua ubingwa wa Italia. Kijana wa mechi tatu alirudi miaka 14 baadaye kuchukua chake.

Turudi kwa Polster kama nilivyoahidi. Ufaransa 1998 nilikuwa mtoto, tunaangalia kwa jirani tivii ya betri ya gari, Kameruni inaongoza kwa lile bao la Njanka la kukokota kutoka nyuma huko, mtaa mzima tumeshashinda, watu wameanza kutoka nje kushangilia, halafu dakika za majeruhi kona, Polster, 1-1. Jirani yetu alizima tivii bila kusema neno. Sikumsamehe Polster miaka na miaka, nimekuja kumpenda ukubwani nilipojua kwamba mabao yake matatu dhidi ya Ujerumani Mashariki ndo yaliyowapeleka Austria Kombe la Dunia 1990. Sasa na yeye Polster anadai mabao matatu ya mechi za zamani ahesabiwe. Mi nasema apewe kama zilikuwa mechi halali! Mfungaji asinyimwe bao lake. Hiyo ndo hoja yangu nzima na inawahusu wote wawili.

Maana baada ya San Marino kilifuata nini? Siku tatu tu, Romania wakawafunga 1-0 dakika za majeruhi, ikawa presha. Novemba wakaenda Cyprus, wanahitaji pointi tatu lazima, nani kafunga yote mawili kwenye 2-0? Yeye, miaka 36. Siku tatu tena Bosnia, Vienna, Bosnia wametangulia mapema, jasho linawatoka, mpaka Gregoritsch dakika ya 77 akasawazisha 1-1 na Austria wakafuzu Kombe la Dunia 2026 kwa mara ya kwanza tangu lile la Polster. Arnautović alilia. Nimeiangalia ile video mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema.

Droo imewapanga na Argentina, Jordan na Algeria. Siku ya Algeria mi nitakuwa upande wa Algeria, hapo hamna mjadala, hasira za 1998 bado ninazo. Ila jina la Arnautović likitajwa, hata kama anaingia dakika kumi za mwisho, nitasimama kwanza, halafu nitakaa chini niombee asifunge.