Saa za askari azihesabu nani?

Kuna ubishi wa siku nyingi: je, kazi na mapumziko ya askari viwekewe saa, au wajibu wake hauna saa? Alfajiri ya tarehe 21 Agosti 2017, manowari ya Marekani iitwayo USS John S. McCain ilikuwa inaingia Mlango-Bahari wa Singapore, njia ambayo meli hupita kwa msongamano usiku na mchana. Siku moja kabla, maafisa watatu wa manowari hiyo walimshauri nahodha aite kikosi kamili cha uongozaji ifikapo saa 11 alfajiri. Nahodha hakukubali. Aliona mabaharia wamechoka, akaamua kikosi hicho kiachwe kilale hadi saa 12. Saa 11:24 manowari ikagongana na meli ya mafuta ya Alnic MC. Mabaharia 10 wakafa.

Anayeamini kwamba askari hapaswi kubembelezwa atasema ushahidi ndio huo: kamanda alitanguliza usingizi, kazi ikaharibika, watu wakafa. Lakini uchunguzi haukuishia hapo. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilikuta kwamba waliokuwa zamu kwenye chumba cha usukani walikuwa wamelala kwa wastani usiofika saa 5 katika saa 24 zilizotangulia. Aliyeshika usukani alionekana kuelemewa, nahodha akaamuru kidhibiti cha mwendo kihamishiwe kwa mwenzake, na katika kuhamisha wakahamisha na usukani wenyewe pasipo kujua. Wakadhani umekufa. Baadhi yao walikuwa wameazimwa kutoka manowari nyingine yenye mitambo tofauti, na hawakuwa wamefundishwa vya kutosha mitambo waliyoikuta. Manowari ikakata kushoto, ikajitia mbele ya meli ya mafuta.

Kwa hiyo waliokuwa macho walikuwa hoi, na ambao wangewasaidia walikuwa wamelala. Nahodha aliuona uchovu sawasawa. Kilichompungukia ni watu na muda wa kuutibu, akabaki na njia moja tu, kuchelewesha kikosi kwa saa moja mahali pabaya kuliko pote katika safari. Mapumziko ya askari yakiachwa yawe hisani ya kamanda aliyeko zamu, yatatolewa siku isiyofaa na kunyimwa siku inayofaa, hata kama kamanda mwenyewe ni muungwana. Yanahitaji kuamuliwa mapema zaidi, na wale wanaopanga idadi ya askari na wingi wa kazi.

Upande wa wajibu una hoja nzito, na si haki kuudhihaki. Jioni ya tarehe 7 Desemba 2017, miezi michache baada ya ajali ya Singapore, kambi ndogo ya Umoja wa Mataifa huko Semuliki, wilaya ya Beni, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, ilishambuliwa na waasi wanaoaminika kuwa wa ADF, kundi lenye asili ya Uganda. Askari wa JWTZ, jeshi la Tanzania, wasiopungua 14 waliuawa. Hakuna aliyekuwa pale ambaye angesema zamu yangu imekwisha, mwiteni fulani. Askari mwenye mazoea ya kuangalia saa wakati risasi zinarindima hatasaidia mtu, na wenzake hawatamwamini tena. Ndiyo maana kuruta huamshwa usiku wa manane, akakimbizwa na mzigo mgongoni, akarudi kufyeka na kubeba maji kabla hajapata usingizi wa maana. Kuna ukatili wa bure katika baadhi ya mambo hayo, sote tunajua, lakini kuna na somo: mtu ajifunze anavyokuwa akichoka, ili siku ya kweli uchovu usimkute mgeni.

Ila somo hilo lina mpaka wake. Huwezi kumzoeza mtu kutolala kama unavyomzoeza kukimbia. Utafiti wa Dawson na Reid uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi kama mwenye kiwango cha ulevi cha asilimia 0.05 katika damu, na akifika saa 24 huwa karibu na asilimia 0.10. Dereva wa kiwango hicho cha pili huvuliwa leseni katika nchi nyingi. Jeshini, mtu huyohuyo hupewa bunduki, lori au rada, na akivumilia husifiwa.

Watafiti wa jeshi la Marekani waliwahi pia kuwapima askari wa Divisheni ya 82 wanaopiga hesabu za mizinga, katika vita ya mazoezi isiyo na mapumziko. Baada ya saa kama 36, timu hizo ziliacha kuihuisha ramani yao. Hesabu bado zilitoka, na mizinga ingelia kama kawaida, isipokuwa hapakuwa tena na aliyejiuliza inaelekezwa wapi. Walipoagizwa kulenga mahali penye hospitali, walipiga bila kukagua. Hapo ndipo hoja ya ukakamavu inapokatika. Mchovu aliyezoezwa vizuri huendelea kutekeleza, tena kwa bidii, na jeshi hudanganyika na bidii hiyo kwa sababu jeshi hupenda watekelezaji. Kinachomtoka kwanza ni hukumu, na hukumu haionekani kwenye gwaride.

Wapo waliojaribu kuukwepa ubishi mzima kwa vidonge. Ujerumani iliwapa wanajeshi wake vidonge takriban milioni 35 vya Pervitin, yaani methamfetamini, kwa miezi michache tu ya mwaka 1940. Tarehe 17 Aprili 2002, rubani wa Marekani aliangusha bomu karibu na Kandahar, akaua wanajeshi 4 wa Kanada waliokuwa kwenye mazoezi ya usiku. Mawakili wa utetezi walisema marubani wa msafara huo walikuwa wamepewa vidonge vya kuwaweka macho. Kama vidonge vilichangia au la, hiyo ni kesi nyingine. Kidonge hufukuza usingizi, lakini hakirudishi kile ambacho usingizi ungerudisha.

Uchovu mwingi wa jeshini, ukiufuatilia, hauletwi na adui, na hili watetezi wa pande zote mbili hawalitaji sana. Manowari ya McCain haikuwa vitani. Wala USS Fitzgerald haikuwa vitani, iliyogongwa karibu na pwani ya Japani miezi miwili kabla, tarehe 17 Juni 2017, yapata saa 7:30 usiku, ikapoteza mabaharia 7. Nahodha wake alikuwa amelala chumbani na hakuamshwa, ingawa maagizo yake mwenyewe yalitaka aamshwe. GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilikuwa imeonya mapema mwaka huohuo. Ilitaja uchunguzi wa jeshi la majini lenyewe wa mwaka 2014 uliokuta mabaharia wakifanya kazi saa 108 kwa wiki, wakati mpango rasmi ulikuwa saa 81. Na saa 81 zenyewe si haba. Sababu ilijulikana: kati ya 2003 na 2012 jeshi hilo lilipunguza idadi ya mabaharia melini ili kubana gharama. Kazi hazikupungua. Kutu ilibaki kukwanguliwa, fomu zilibaki kujazwa, ukaguzi ulibaki kuja, na kila kimojawapo kilikatwa kwenye usingizi wa mtu kwa sababu usingizi haukuwa na mwenyewe kwenye karatasi.

Ratiba nayo ina visa vyake. Manowari nyingi zilikuwa zikitumia zamu ya saa 5 kazini na saa 10 nje. Ukiisikia unaona ni neema, saa 10! Piga hesabu. Ukianza saa 2 asubuhi, zamu ya pili itakuangukia saa 5 usiku, ya tatu saa 8 mchana, ya nne saa 11 alfajiri. Hulali muda uleule siku mbili mfululizo. Tena saa 10 za nje si za kulala, maana kazi za mchana, mafunzo na ukaguzi zinakungoja hukohuko. Nita Shattuck na wenzake katika chuo cha jeshi la majini huko Monterey walilinganisha mfumo huo na wa saa 3 kazini na 9 nje, ambao humrudisha baharia kwenye muda uleule kila siku, na mabaharia wa mfumo wa pili wakawa na afadhali. Nyambizi za Marekani nazo zilikuwa na siku ya saa 18, yaani 6 kazini na 12 nje, hadi zilipoanza kuhamia siku ya saa 24 mwaka 2014. Mabadiliko ya namna hii hayaongezi hata dakika moja ya uzembe. Adui ni yuleyule na kazi ni ileile. Anayeyapinga sasa anatetea mazoea, na asijifiche nyuma ya wajibu.

Ulaya suala hili liliibukia mahakamani. Afisa asiye na kamisheni wa jeshi la Slovenia alikuwa akipangiwa lindo la siku 7 mfululizo kila mwezi, anakaa kambini muda wote, lakini anahesabiwa kazi ya saa 8 tu kwa siku; saa zilizobaki alilipwa posho ya kuwa tayari. Tarehe 15 Julai 2021 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa uamuzi uliowakasirisha sana Wafaransa. Ilisema sheria ya saa za kazi, yenye ukomo wa wastani wa saa 48 kwa wiki na mapumziko ya saa 11 mfululizo kila siku, inaweza kumgusa hata mwanajeshi. Hapohapo ikatoa nje operesheni halisi za kijeshi, mafunzo ya awali, matukio ya dharura, na kazi za kipekee mno zisizoweza kupangiwa zamu. Kuhusu malipo ya saa za kungoja, ikaiachia Slovenia.

Ufaransa ilikuwa na sababu ya kukasirika. Sheria yake humtaka mwanajeshi awe tayari wakati wowote na mahali popote, na nchi inayotuma majeshi mbali ina hofu ya kweli kwamba leo utahesabu saa za mlinzi wa geti, kesho za komando. Mimi naona mahakama ilichora mstari pazuri. Mlinzi wa geti la kambi katika nchi yenye amani na askari wa Semuliki hawako katika hali moja, hata kama wamevaa sare moja, na kosa la muda mrefu limekuwa kutumia hatari ya huyu wa pili kuhalalisha ratiba ya yule wa kwanza.

Kwetu mstari huo haujachorwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wiki ya saa 45 na mapumziko ya saa 12 mfululizo kila siku, kisha inawaweka nje JWTZ, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inafanya vivyo hivyo kwa majeshi na polisi, na Katiba ya 2010, ibara ya 24, inaruhusu haki za kazi za wanajeshi kuwekewa mipaka. Kuwaweka nje kuna mantiki. Sitaki afisa kazi wa wilaya akague mahandaki. Lakini mtu ukimtoa kwenye sheria moja, inabidi umwandikie nyingine, la sivyo amebaki mikononi mwa afande wake.

Na afande hasemwi. Rubani wa jeshi la anga la Marekani hupewa saa 12 nje ya kazi kabla ya kuruka, ikiwemo nafasi ya kulala saa 8, na akisema hajapumzika hapati jina la mwoga, kwa kuwa kanuni imekwisha kusema kabla yake. Askari wa lindo hana kanuni ya kumsemea. Akisema, "Afande, nimechoka," jibu linajulikana hata kwa watoto wa kota za polisi.

Lipo pingamizi moja ambalo sioni jibu lake la bei rahisi. Lindo moja la usiku na mchana lina saa 168 kwa wiki. Ukiliweka askari wawili wa saa 12 kila mmoja, kila mtu anafanya saa 84. Ukitaka saa 48, unahitaji askari watatu na nusu, na ukiongeza likizo, magonjwa na kozi, wanne au zaidi. Zidisha kwa malindo yote ya kambi moja, kisha kwa kambi zote. Hizo ni ajira, mishahara, kota na sare. Waziri wa fedha atauliza zitoke wapi, na si swali la kipuuzi. Kinachoniudhi ni kwamba kwa sasa gharama hiyo inalipwa tayari, kwa usingizi wa askari, bila kuandikwa popote wala kupita bungeni. Kabla ya kuajiri mtu mmoja, makao makuu yoyote yanaweza kupunguza malindo ya maonyesho, kuacha kumpangia aliyekesha kazi za usafi asubuhi, na kumzuia asikabidhiwe usukani wa lori siku hiyo.

Hata Marekani, baada ya vifo 17 na ripoti nyingi, haijafika mbali. Mwaka 2024 GAO ilirudi tena kwenye suala hili na kukuta wengi wa wanajeshi iliowahoji bado wanalala saa 6 au chini yake. Ikakuta pia juhudi za kupambana na uchovu zimetapakaa katika ofisi nyingi za wizara ya ulinzi, na hakuna kiongozi mmoja aliyekabidhiwa kuzisimamia.