Siku Niliyoitikia Marahaba Nikiwa Ndani ya Kalavati

Sitaki kusingizia bahati mbaya. Nilionywa mara tatu, na mara ya tatu aliyenionya alikuwa mtoto wa darasa la pili.

Mimi ni mtu wa Tanga. Serikali ilipohamia Dodoma, sisi wa ngazi za chini tulibebwa pamoja na makabati, na shamba la bei nafuu ndilo lililonisogeza hadi huku Kongwa. Kutoka pwani nilikuja na vitu viwili, kitambi na dharau ya mlenda. Siku yangu ya kwanza kwenye msaragambo, kazi yetu ya pamoja ya kujitolea, bibi anayetupikia alinipakulia ugali wa uwele na mlenda wenye karanga za kusaga. Nikauinua kwa tonge, ukavutika, ukavutika, haukukatika. Nikasema kwa sauti, mbele ya watu, kwamba kwetu kitu cha namna hii hufutwa kwa leso. Bibi hakujibu. Aliendelea kukoroga.

Msaragambo wenyewe ni wa tuta. Mgeni akiona tuta limenyooka kama rula katikati ya migunga, anadhani ni mpaka wa shamba la tajiri. Ni mabaki ya reli ya karanga. Mwaka 1947 Waingereza waliivamia Kongwa ili walime karanga kwa matrekta, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyobadilishwa, na kutoka reli ya kati pale Msagali wakavuta kijitawi cha kuzibeba hizo karanga. Zikakataa kubebwa. Udongo wa huku ukipigwa jua la kiangazi unakuwa tofali la kuchoma, na karanga iliyomo haitoki hata uitukane. Nyuki nao waliwafukuza madereva kwenye usukani. Mwaka 1951 mradi ukazikwa ukiwa umemeza zaidi ya pauni milioni 35. Reli iling'olewa. Tuta lilibaki, maana nani ang'oe tuta.

Kipande cha kitongoji chetu, kilomita mbili na ushee, tumekifanya njia ya miguu na baiskeli. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunafyeka miiba, tunajaza moramu kwenye mashimo, tunamwagilia miche ya kivuli ambayo mbuzi wanaisubiri kwa hamu kuliko sisi. Na tunazibua makalavati, yale mabomba ya kupitisha maji chini ya tuta. Hapo ndipo ilipo roho ya tuta. Watu wanafikiri njia inaliwa na miguu na matairi, kumbe inaliwa na maji. Kalavati likiziba, tuta linageuka bwawa bila kujijua. Maji yanajikusanya upande mmoja, yanapanda, yanavuka juu usiku mmoja, na asubuhi una korongo la kumzika ng'ombe. Reli ya kati yenyewe, yenye wahandisi na bajeti, ilikatwa na mafuriko kati ya Kilosa na Gulwe mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010. Sisi na daftari letu la michango ni akina nani?

Basi, Novemba, mawingu yameanza kutania. Kalavati la tatu, bomba la zege la sentimita 60, limejaa udongo hadi katikati. Fundi wetu, mzee aliyeanza vibarua vya barabara kabla sijaota ndevu, ana sheria yake: bomba haliingiwi. Unakwangua kwa reki yenye mpini mrefu, kisha unapitisha kamba iliyofungwa debe lililokatwa upande, wa huku anavuta, wa kule anavuta, udongo unatoka wenyewe. Tulifanya hivyo hadi saa nne. Saa nne debe likanasa kwenye mzizi, ndani kama mita moja na nusu, likagoma.

Nikasema, "Niachieni."

Fundi akanitazama katikati, si usoni. "Baba, hilo tumbo na hilo bomba hawajajuana."

Mwenyekiti wa kitongoji akasema kuna kijana mwembamba, yuko njiani, nisubiri. Ndipo yule mtoto, amekalia toroli anakula ubuyu, akasema, "Babu, utakwama."

Babu! Nina miaka 46. Ningeweza kuwasamehe wale wawili. Hilo "babu" ndilo lililonisukuma ndani.

Niliingia kwa kutoa pumzi yote, mikono mbele, kama mtu anayeruka mtoni. Zege lilikuwa la baridi, harufu ni ya mbuzi wa miaka mingi. Nikalifikia debe, nikalitikisa, mzizi ukakatika. Nikapiga kelele ya ushindi. Sasa kelele inataka pumzi, nami nikavuta pumzi, na tumbo, ambalo lilikuwa limepita kwa hisani tu, likakaa mahali pake. Mbele sikwenda. Nyuma sikwenda. Kiunoni kurudi chini nilikuwa Jumamosi njema yenye jua, kiunoni kwenda juu nilikuwa kaburini.

Nikaita, "Nimekwama!"

Bomba ni kitu cha ajabu. Nyuma yangu nilikuwa nimeliziba mwenyewe, kwa hiyo sauti yote ilitokea upande wa pili wa tuta, ambako hapakuwa na mtu. Upande waliko watu ilikuwepo miguu tu, imevaa gambuti mpya, imetulia. Walidhani nafanya kazi.

Akapita mama mmoja anatoka mashine ya kusaga. Nikamsikia kwa mbali, kama redio ya jirani.

"Za asubuhi, baba?"

"Nzuri mama, nimekwama!" Hilo likaenda upande wa pili.

"Za nyumbani?"

Kimya.

"Hee. Watu wa pwani."

Wanafunzi wakafuata, hao wana adabu zao. "Shikamoo!" Waliiambia miguu. Miguu haikuitikia. Wakarudia kwa pamoja, kwaya nzima. Aliyeniokoa ni mtoto wa ubuyu. Alivuka tuta akachungulia upande wa pili, nikaona kichwa chake kimeziba ule mwanga kidogo niliobakiwa nao.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Waambie nimekwama."

Akapanda juu ya tuta, akapaza sauti: "Anasema marahaba!" Akafikiri kidogo. "Halafu anasema amekwama!"

Hapo ndipo watu walipokuja. Walivuta. Gambuti la kulia likatoka. La kushoto likatoka. Nikasikia utulivu, kisha mtu anasoma karatasi ya bei niliyoisahau chini ya soli: "Elfu thelathini na tano!" Kukazuka mjadala. Mmoja alisema sokoni zinapatikana kwa elfu ishirini. Mwingine akasema inategemea ubora, zingine hupasuka kisigino. Dakika tano nzima, mimi nimo bombani, wanaijadili bei ya gambuti.

Wakavuta tena, na suruali ikaonyesha nia ya kuzifuata gambuti. "Msivute!" nikapiga kelele. Ikaenda upande wa pili, mtoto akapanda, akatangaza, nusu ya aibu ikiwa imeshatendeka.

Mwenyekiti akafungua kikao. Sitanii. Katibu aliandika, na baadaye nililisoma daftari kwa macho yangu: "Ajenda ya dharura: mjumbe aliye ndani." Hoja ya kwanza, tuta lichimbwe kutoka juu. Fundi alikataa katakata, tuta limesimama zaidi ya miaka 70, halibomolewi kwa sababu ya mtu mmoja aliyeambiwa asiingie. Hoja ya pili ilitoka kwa yule kijana mwembamba, ambaye sasa alikuwa amefika. Nisipewe chakula, keshokutwa nitatoka mwenyewe. Ikaungwa mkono na watu wawili.

Ndipo nikasikia sauti ya bibi. "Mbona mnavuta mtu mkavu?"

Nilielewa kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Muulize kama ni wa moto!" nikamwambia mtoto.

"Anauliza kama ni wa moto!"

"Mwambie vuguvugu. Na chumvi iko sawasawa."

Aliumimina kwa upawa, hana haraka, kushoto, kulia, na mmoja mzima kwenye mkanda. Nilihisi ukishuka mbavuni, ukitafuta njia, ukiipata. Bibi akasema, "Toa pumzi, mwanangu." Nikatoa. Wakavuta mara moja tu, nikachomoka kama kokwa ya embe bivu, debe mkononi, nikamwangusha mwenyekiti na katibu wake. Karanga za Kongwa, zilizovishinda vifaru, zilikuwa zimenitoa mimi ardhini.

Makofi yalikuwepo. Hayakudumu, kwa sababu mtu alichungulia sufuria. Mlenda wote nilikuwa nao mimi. Watu karibu thelathini walikula ugali kwa chumvi mchana ule wakinitazama kiunoni, na njia nzima ya kurudi nyumbani kulikuwa na mbuzi mmoja aliyekataa kuniacha. Mama watoto alifungua mlango, akanusa, akaufunga tena.

Mvua kubwa ilinyesha katikati ya Desemba, usiku kucha. Asubuhi tulikwenda kuangalia. Kalavati la tatu lilikuwa linatema maji mekundu kwa nguvu, tuta kavu juu, watoto wanapita na viatu mkononi kwa mazoea tu.

Jumamosi ya kwanza ya Januari nilipanga foleni na sahani yangu kama wengine. Nilipofika mbele bibi aliinua upawa, ukavutika, ukavutika. Akanitazama.

"Mwanangu, leo wa kula au wa kupaka?"