Kabla ya vipeperushi, mpimeni kila mtoto

Kila takwimu zinapoonyesha kuwa madarasa ya watoto wenye vipaji katika shule za umma za Marekani yamejaa watoto wa wenye nacho, maofisa hukimbilia uhamasishaji. Vipeperushi vinatafsiriwa kwa Kihispania na Kikrioli cha Haiti, wazazi wanaitwa mkutanoni jioni, mtu anatumwa kanisani Jumapili kutangaza. Si kazi mbaya, ila inamtaka mzazi apige hodi kwenye mlango ambao hata hajui uko wapi.

Mtihani, katika wilaya nyingi za shule, si hatua ya kwanza. Kwanza mwalimu amtaje mtoto, au mzazi aombe mwenyewe. Kisha fomu ya ridhaa iende nyumbani na irudi na sahihi. Kisha mtoto asubiri zamu yake kwa mwanasaikolojia wa shule, anayempima IQ, yaani kiwango cha akili, ana kwa ana, kwa saa moja au zaidi. Florida kwa kawaida hutaka alama 130 kwenye kipimo ambacho wastani wake ni 100. Wanaofika hapo ni kama watoto 2 katika kila 100. Mzazi mwenye fedha haisubiri foleni hiyo. Anamlipa mwanasaikolojia binafsi mamia ya dola na kurudi na ripoti mkononi.

Kila hatua hapo inavuja, lakini inayovuja zaidi ni ile ya kwanza, ya kutajwa. Sisemi kwamba walimu wana nia mbaya. Mwalimu humwona mtoto anayenyoosha kidole, mwenye daftari safi na Kiingereza kilichonyooka. Mwerevu aliyechoshwa na somo akakaa anachora pembezoni mwa daftari, au anayewasumbua wenzake kwa kuwa amemaliza hesabu kabla yao, huyo anaonekana mtundu tu. Mwaka 2016 Jason Grissom na Christopher Redding walichapisha uchambuzi wa data za taifa zima: watoto weusi wenye alama sawa na za wazungu katika hesabu na kusoma bado walikuwa na nafasi ndogo ya kuingizwa kwenye mipango hii, na mwalimu alipokuwa mweusi, pengo hilo lilipungua.

Kaunti ya Broward, Florida, ilijaribu njia nyingine, na wachumi David Card (aliyepata Nobel mwaka 2021) na Laura Giuliano wakaichambua. Zaidi ya nusu ya wanafunzi wa Broward walikuwa weusi au wenye asili ya Amerika ya Kilatini, lakini katika watoto wa darasa la tatu waliokuwa kwenye mpango wa vipaji, makundi hayo mawili yalikuwa asilimia 28 tu. Kuanzia majira ya kuchipua ya 2005, kila mtoto wa darasa la pili alifanya mtihani wa Naglieri, darasani kwake, saa za kawaida za masomo. Ni mtihani wa maumbo na mifuatano, usiohitaji kusoma. Aliyefikisha 130 alipelekwa kwa mwanasaikolojia. Kwa mtoto wa familia duni, yaani anayepata chakula cha mchana cha bure au cha bei nafuu shuleni, au anayejifunza Kiingereza, 115 ilitosha kumfikisha huko.

Alama za mwisho za IQ hazikuguswa. Zilibaki 130, na 116 kwa watoto wa familia duni na wanaojifunza Kiingereza, kama zilivyokuwa kabla ya mchujo huo kuanza. Hata hivyo, kiwango cha watoto wa familia duni kuingia kwenye mpango kiliongezeka kwa asilimia 180, kwa asilimia 130 kwa wenye asili ya Amerika ya Kilatini na kwa asilimia 80 kwa weusi. Anayesema usawa hauji bila kushusha viwango ana kazi ya kuzieleza namba hizo. Watoto walikuwepo siku zote, ila hakuna aliyewataja.

Baada ya Broward, mtihani wa Naglieri ulianza kusifiwa kana kwamba ni dawa. Sikubali. Mtoto mwenye nguvu ya maneno na udhaifu wa maumbo huangushwa nao vilevile, na maumbo nayo hufundishika kwa mwenye fedha za kununua vitabu vya mazoezi. Kilichofanya kazi Broward ni neno "kila".

Wilaya inayotaka kuiga hukwama kwanza kwenye alama ya mchujo, na sababu ni hesabu rahisi. Chukua wilaya yenye watoto 20,000 wa darasa la pili. Ukiweka mchujo kwenye 130, watakaopita ni kama 400, na mwanasaikolojia mmoja anayepima watoto watatu kwa siku, kwa siku 180 za shule, atawamaliza. Ukiweka 115, wanakuwa kama 3,200, na sasa unahitaji wanasaikolojia sita wasio na kazi nyingine mwaka mzima. Ndiyo maana ofisi ya fedha hupenda 130. Lakini alama ya mtoto hupanda na kushuka kwa usingizi, mafua au kelele za darasani. Kumtaka avuke 130 mara mbili, kwenye mitihani miwili tofauti, ni kumtaka awe na akili na bahati pia. Mchujo lazima ukae chini ya alama ya mwisho, la sivyo unawakata walewale uliokuja kuwatafuta. Na wanasaikolojia waajiriwe kabla ya mtihani, kwa sababu foleni ikifika miezi minane, ripoti za watu binafsi hurudi kutawala.

Jambo la pili ni kanuni ya "na" dhidi ya "au". Wilaya hupima watoto wote, halafu inaongeza sharti la fomu ya mwalimu yenye alama za "ari" na "uongozi". Hapo wamelirudisha tundu lilelile kwa mlango wa nyuma. Maoni ya mwalimu yaweze kumwongeza mtoto ambaye mtihani ulimkosa, yasiweze kumtoa aliyepita.

Uhamasishaji mahali pake ni hapa. Mchujo wa darasani unaweza kufanyika kama mtihani mwingine wowote, lakini kipimo cha mtoto mmoja mmoja kwa kawaida hakifanyiki bila sahihi ya mzazi, na fomu iliyowekwa ndani ya begi huozea humo pamoja na ganda la ndizi. Sasa wilaya ina orodha ya majina. Fedha za mabango zilipe mtu wa kupiga simu, kwa lugha ya nyumbani, jioni mzazi akiwa ametoka kazini, amwambie: mwanao amepata alama hii, tunahitaji sahihi yako, na hulipi chochote.

New York inaonyesha nini hutokea ukisawazisha alama bila kumpima kila mtoto. Kuanzia 2008 jiji liliweka alama moja kwa wote: kuwapita watoto 90 katika kila 100 kwa madarasa ya wilaya, 97 kwa shule za jiji zima. Ilionekana haki tupu. Lakini waliopimwa ni watoto wa miaka minne ambao wazazi wao waliomba, na kampuni za mazoezi zikawavuna wazazi hao. Wilaya kadhaa za Bronx na Brooklyn zilikosa watoto wa kutosha kufungua hata darasa moja. Mtihani huo uliondolewa mwaka 2021.

Msomaji wa Dodoma atasema kwetu kila aliyefika darasa la saba hufanya mtihani wa taifa, na shule za vipaji maalumu kama Kibaha, Ilboru na Mzumbe huchukua kutoka humo bila barua ya mtu. Kweli. Ila mtihani ule hupima alichofundishwa mtoto, na shule yenye mwalimu wa hisabati na isiyo naye hupewa karatasi moja.

Kuingia nako si mwisho. Broward ilikuwa na kanuni nyingine ambayo haisemwi sana: shule ikiwa na mtoto hata mmoja wa kipaji katika darasa la nne au la tano, ifungue darasa lake, na viti vinavyobaki vijazwe na wenye alama za juu kabisa za mwaka uliopita shuleni hapohapo. Katika shule za maskini viti vingi vilijazwa hivyo, bila IQ na bila barua. Card na Giuliano walikuta weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini walioingia kwa njia hiyo walipanda sana katika hesabu na kusoma, kiasi cha mtoto anayewapita 50 katika kila 100 kusogea hadi kuwapita karibu 69, na waliobaki madarasa mengine hawakuathirika. Gharama ilikuwa ndogo, kwa kuwa mwalimu na chumba ni walewale na kinachobadilika ni orodha ya wanafunzi.

Mchujo wenyewe haukudumu. Bajeti zilipokatwa baada ya mdororo wa uchumi, Broward iliusimamisha mwaka 2010, na pengo likarudi kuwa pana kama lilivyokuwa kabla ya 2005.