Kufuli za Jumla Zimefika

Jirani yangu wa fremu ya pili ameshawatumia voice note yake, na kwa maelezo yake mimi nilimtumia mama mkwe wangu picha za chupi saa nne usiku. Mwongo. Ilikuwa saa nne asubuhi, na picha ilikuwa ya maboksi. Sikilizeni kwa mwenyewe mhusika, halafu mcheke kwa haki.

Peji ya duka langu la chupi mnaijua. Wafuasi elfu tisa, niliowaokota mmoja mmoja kwa kuandika jina la peji kwenye kila mfuko unaotoka dukani. Nikiposti mzigo mpya, wanaouona ni mia tatu na kitu. Mtandao wenyewe siutaji, bado nauhitaji, lakini chini ya posti unaniwekea kitufe cha kuniambia nikilipia nitafikia watu wengi zaidi. Wengi gani? Si hao hao walionifuata kwa hiari yao!

Mchezo huu si wa jana. Facebook ilipoleta kitufe cha kulipia posti za peji mwaka 2012, ilisema yenyewe kwamba posti hufika kwa wastani wa asilimia 16 ya wafuasi. Januari 2018 ikatangaza kwamba ndugu na marafiki ndio watakaopewa nafasi ya mbele, peji za biashara zikasogezwa nyuma. Siku hizi mashine ndiyo inayopanga foleni: posti yako inaonyeshwa kwa wachache kwanza, wakikomenti na kushea inasogea, wakiipita inazikwa. Sasa niambieni, nani atashea tangazo la chupi kwenye ukuta wake ambako shemeji na mchungaji wanapita? Wateja wangu hata dukani wananong'ona.

Basi nikaamua kubusti, yaani kulipia posti ionekane.

Matangazo hukaguliwa kabla ya kurushwa, kwa kawaida ndani ya saa 24, na picha yenye mwili mwingi nje inarudishwa. Mwenzangu mmoja aliweka sidiria ikiwa imevaliwa, ikakataliwa. Mimi nikajifanya mjanja kuliko mashine. Nikapiga picha ya maboksi yaliyofungwa, yamepangwa ukutani kama matofali, bila hata kipande cha nguo. Neno lenyewe nalo nikalikwepa, nikaandika kama tunavyosema hapa Kariakoo: "KUFULI ZA JUMLA ZIMEFIKA. Imara, haziachii. Dazeni 15,000."

Imara, haziachii. Nilijipongeza kabisa.

Lengo nikachagua kupata meseji. Kitufe, WhatsApp. Walengwa, wanaofuata peji na watu wanaofanana nao, wanawake, miaka 21 hadi 50, Dar es Salaam na Tanga. Hapo kwenye bajeti muwe macho, maana kuna bajeti ya siku na bajeti ya kampeni nzima, na kuna watu walioandika ya kampeni kwenye kiboksi cha siku wakalia. Mimi niliweka 5,000 kwa siku, siku saba, 35,000. Ongeza VAT ya asilimia 18, yaani 6,300, unafika 41,300. Kwenye kadi weka zaidi kidogo, kwa sababu makato yakigonga na salio halitoshi tangazo linasimama, na likiwashwa tena linaanza kwa kusuasua. Wenye iPhone, hili ni lenu: mwaka 2024 Meta, wenye Facebook na Instagram, ilitangaza kwamba ukibusti Facebook au Instagram kupitia programu ya iPhone, Apple inachukua asilimia 30 juu yake, wakaanzia Marekani. Ingieni kwa brauza mbusti humo humo. Mimi na Tecno yangu hayo hayanihusu.

Nikabonyeza. Likapita ukaguzi kabla ya usiku.

Sasa kuna jambo moja sijawaambia. Peji inapounganishwa na WhatsApp, mtandao unatuma kodi, zile tarakimu za kuthibitisha, kwenye namba mara moja tu, siku ya kuunganisha. Baada ya hapo hauulizi tena nani ameshika hiyo laini. Yangu niliiunganisha siku nafungua peji, kwa laini yangu ya zamani. Laini hiyo baadaye nilimpa mama mkwe kule Korogwe, kwa sababu ilishasajiliwa kwa alama zangu za vidole na yeye hakutaka kupanga foleni. Mama mkwe ana duka la vifaa vya ujenzi. Misumari, bawaba, rangi, mabomba, vitasa. Na kufuli.

Rudia hiyo sentensi ya mwisho. Nakusubiri.

Asubuhi nafungua ripoti: mazungumzo yaliyoanzishwa, 47. Nafungua WhatsApp yangu: kimya, isipokuwa kikoba wanadai mchango. Nikazima simu, nikawasha. Nikalaumu bando. Nikalaumu mnara. Naangalia ripoti tena, 52. Hela inatembea, wateja wanaongea, sijui wanaongea na nani.

Simu ikaita. Mama mkwe. Mikono ilikuwa imejaa mzigo, nikaiweka lauspika juu ya kaunta. Dukani walikuwepo akina mama watatu, na huyo jirani mwenye voice note alikuwa amekuja kuomba chenji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe wangu. Baba, Mungu akubariki, umenitangazia biashara bila hata kuniambia!"

Nikajibu asante mama, maana mkwe akikushukuru unapokea kwanza, maswali baadaye.

"Tangu jana usiku wanaingia tu. Wote wanataka kufuli."

Kuna baridi fulani inaanzia kisogoni na kushuka taratibu. Hiyo. Mkono mmoja bado ulikuwa umeshika dazeni nzima ya rangi ya waridi.

"Ila wateja wa Dar wana maneno, baba. Ngoja nikusomee." Nikasikia anavaa miwani. Jamani, nilisikia miwani ikivaliwa! Nilikuwa na muda wa kuzima lauspika. Kidole kilifika kwenye kioo, kioo kikawa kimejizima, nikaanza kuchora pateni, nikakosea pateni. "Huyu anaandika, 'Mama, zipo za kamba?' Kufuli ya kamba ndiyo ipi hiyo? Nikamjibu kamba nauza kwa mita, anunue kando."

Mama mmoja pale kaunta akageukia ukutani. Mabega yanacheza.

"Mwingine anasema ya zamani imelegea. Nikamwambia mwanangu, ikilegea usilale nayo, utaingiliwa usiku. Akanitumia vicheko. Sasa hapo kuna cha kucheka?"

Nikakosea pateni tena, na tena, na tena, na tena. Simu ikaniambia nisubiri sekunde 30. Sekunde 30, wafuasi wangu! Nyie mnajua urefu wake?

"Huyu mumewe anapenda nyekundu. Nikasema nyekundu ninayo, ya Kichina, ina funguo tatu, mmoja abaki nao mume. Na huyu wa mwisho, muungwana kweli, anauliza kama anaruhusiwa kujaribu kabla ya kununua. Nikamwambia aje tu, anajaribia hapa hapa barazani mbele ya watu, duka langu halina siri."

Jirani alikuwa ameshakaa chini. Siyo kwenye kiti. Chini.

"Mama," nikasema, "naomba usijibu tena."

"Kwa nini, baba? Nimeshaandika oda ya dazeni mbili."

Nikatafuta neno. Kumweleza mkwe kufuli maana yake nini, tena lauspika, mbele ya wateja, ukiwa umeshika ushahidi mkononi, hakuna mila inayoruhusu. Nikasema ni matapeli. Nikasema kuna wimbi la matapeli wa kufuli. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kumbe ndiyo maana mmoja ameniuliza saizi ya kiuno changu."

Simu ikafunguka. Nikakata.

Yaliyobaki ni ya haraka. Nikaenda kubadilisha kitufe, ikanishinda. Nikalifuta. Iliyokwishatumika hairudi. Nikaingia mipangilio ya peji, akaunti zilizounganishwa, WhatsApp, nikatenganisha, nikaweka namba ya dukani, kodi ikaja, nikaanza upya na ukaguzi upya. Ukiunganisha, chukua simu ya mtu mwingine, bonyeza kitufe cha peji yako mwenyewe, utazame jina linalotokea juu. Kama ni mkwe wako, usilipe. Shemeji yangu ndiye aliyemweleza mama, chumbani, mlango umefungwa. Naambiwa mama aliuliza swali moja tu: mkwe wake huwa anazipima vipi. Mke wangu amehamishia simu yake upande wa pili wa kitanda na kila baada ya dakika kumi anacheka peke yake. Sikukuu hii tunaenda kwao Korogwe, tiketi zilishakatwa.

Tangazo la pili nimeandika "nguo za ndani", neno zima, na picha ya zilizokunjwa mezani bila mtu. Limepita bila shida. Kumbe lililokuwa linakataliwa ni mwili kuonekana, neno halikuwa na kosa lolote.

Wewe wa dazeni mbili, najua upo humu, peji ulikuwa unaifuata tangu mwanzo. Namba sahihi ni iliyo kwenye bio. Huyo unayempigia kila siku kumuuliza mzigo wako ni mama mkwe wangu, na ameshakupimia mita nne za kamba.